Uwazi Kwanza, Shaba Baadaye: Historia ya Kusubu Sanamu

Igonge kwa kifundo cha kidole sanamu kubwa ya shaba iliyosimama uwanjani, nayo italia. Inalia kwa sababu ndani ni tupu. Yule mfalme juu ya farasi, anayeonekana mzito kiasi cha kuididimiza ardhi, ni ganda la metali lenye unene wa milimita chache tu, na ndani yake mna hewa. Wengi hudhani kwamba mchongaji alichukua bonge la shaba akalichonga mpaka farasi akajitokeza. Shaba haikuchongwa. Mtu alitengeneza nafasi tupu yenye umbo la farasi, wengine wakaijaza metali iliyoyeyuka kwa dakika chache, na kazi ya miezi mingi ikaamuliwa hapo hapo.

Kusubu, basi, ni kazi ya kutengeneza uwazi. Anayejua jinsi uwazi huo ulivyoundwa hupata jibu la maswali mengi yanayowatatiza watu mbele ya kabati za makumbusho: kwa nini vyombo vya kale vya China vina mapambo yaliyogawanyika sawasawa kulia na kushoto, kwa nini sanamu nyingi za Kigiriki tulizobaki nazo zimetoka baharini, kwa nini sanamu moja ya Rodin, mchongaji Mfaransa, inaweza kuwa katika miji kadhaa kwa wakati mmoja na zote zikaitwa halisi. Historia hii kwa kawaida husimuliwa kama ngazi, kutoka kwa watu wa zamani wasiojua hadi kwa mafundi wa Ulaya waliojua. Ngazi hiyo haipo. Kila mahali palitatua tatizo lile lile kwa udongo, nta na metali palizokuwa nazo, na mara nyingi suluhisho la kale ndilo lililokuwa gumu zaidi.

Masharti ya metali

Shaba nyekundu huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi. Joto hilo hupatikana kwa makaa ya mti na mivuo inayovutwa bila kupumzika, ndiyo maana binadamu walilifikia mapema. Lakini shaba nyekundu tupu ni kaidi kwa msubu. Hutiririka kwa uzito, hunywa gesi ikiwa moto na kuzitoa inapopoa, na kazi hutoka imejaa vitundu. Ikichanganywa na bati, ambalo huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu, tabia yake hubadilika. Sehemu tisa za shaba nyekundu kwa moja ya bati hutoa shaba nyeusi: huyeyuka kwa joto la chini kuliko shaba nyekundu, hupenya hadi kwenye ncha ya ukucha wa sanamu, na ikipoa huwa ngumu kuliko kila kimojawapo cha wazazi wake. Risasi kidogo huongeza mtiririko. Ukiweka zinki mahali pa bati unapata shaba njano, inayong'aa kama dhahabu. Zinki ina shida yake: huchemka kwenye nyuzi 907, kabla shaba haijayeyuka, hivyo hutoroka ikiwa moshi. Mafundi wa kale waliizuia kwa kulifungia jiwe lenye zinki pamoja na shaba ndani ya chungu kilichozibwa.

Chuma cha kusubu kina njia yake. China ilikuwa ikikimimina tangu karne ya 5 KK, na simba mkubwa wa chuma wa Cangzhou, aliyesubiwa mwaka 953, bado yupo. Nitakiacha hapo, kwa sababu katika sanaa shaba ndiyo iliyotawala.

Sharti moja linabaki, nalo ndilo linaloeleza kwa nini sanamu ni tupu. Shaba hunywea inapoganda na kupoa, na sanamu huishia ndogo kuliko mfano wake kwa asilimia moja na nusu hadi mbili hivi. Sehemu nene hupoa polepole, sehemu nyembamba huganda kwanza, na zile zinazochelewa huzivuta zilizotangulia. Matokeo ni nyufa na mashimo. Sanamu kubwa iliyojaa ndani ingejipasua yenyewe. Kwa hiyo ukuta mwembamba wenye unene ulio sawa kila mahali huokoa metali, na zaidi ya hapo ndio unaoiwezesha sanamu kutoka nzima.

Nta inayopotea

Katika sura yake rahisi, njia ya nta ni hii. Fundi huunda kwa nta ya nyuki kitu anachokitaka: kijitu, kengele, kichwa cha kondoo. Hubandika vijiti vya nta vitakavyokuwa mifereji ya kuingizia metali na matundu ya kutolea hewa. Hupaka udongo laini uliochujwa, tabaka jembamba kwanza ili uingie katika kila mkwaruzo, kisha udongo mzito uliochanganywa na makapi au samadi ili kalibu, yaani ganda hilo la udongo, ipumue na isipasuke. Ikikauka vizuri huitia motoni. Nta huyeyuka na kumwagika, udongo huwa mgumu, na palipokuwa na nta hubaki uwazi. Shaba humiminwa humo wakati kalibu ingali moto. Kalibu ikipoa huvunjwa. Nta imekwenda, kalibu imekwenda, na kilichobaki ni kitu kimoja kisicho na pacha. Pakitokea kosa, hakuna cha kurudia: fundi huanza upya kwenye nta.

Unyevu ndio adui mkubwa. Maji kidogo yaliyobaki ndani ya kalibu yakikutana na shaba ya nyuzi 1,100 hugeuka mvuke ghafla na kuirusha metali juu ya waliosimama karibu. Watu wamekufa hivyo katika kila karne na kila bara.

Njia hii ni ya kale mno. Mwaka 1961, katika pango moja la Nahal Mishmar karibu na Bahari ya Chumvi, wachimbaji walikuta hazina ya vitu zaidi ya 400, vingi vya shaba iliyosubiwa kwa nta, ikiwemo fimbo na mataji yenye vichwa vya wanyama, vyote vikiwa na umri unaozidi miaka 5,500. Yule msichana wa shaba wa Mohenjo-daro aliyeweka mkono kiunoni, mwenye urefu wa sentimita 10.5, alipatikana mwaka 1926 na ana zaidi ya miaka 4,000. Hivi vilikuwa vitu vidogo, na vingi vilijaa ndani.

Ili kupanda kutoka kijitu cha kiganjani hadi sanamu ya ukubwa wa mtu, ilihitajika hatua moja ya akili: kiini. Fundi huunda kwanza umbo la udongo lililo dogo kidogo kuliko sanamu, hulivika nta yenye unene wa ukuta anaoutaka, na hufanyia uchongaji wote juu ya nta hiyo. Kisha hufunika kwa udongo wa nje. Nta ikiyeyuka, kiini kingeanguka ndani ya kalibu, kwa hiyo pini za metali huchomekwa kupita kwenye nta kukishikilia katikati. Shaba hujaza ile nafasi nyembamba tu iliyo kati ya udongo na udongo. Kichwa cha mtawala wa Akkad kilichopatikana Ninawi mwaka 1931, cha ukubwa wa kichwa cha mtu na kitupu ndani, kinaonyesha kwamba Mesopotamia ilikuwa imelimudu jambo hili zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.

Si kila aliyejua kutumia kiini alikitumia. Mafundi wa enzi ya Chola, kusini mwa India, kati ya karne ya 9 na ya 13, walisubu miungu yao, pamoja na Shiva anayecheza ndani ya duara la moto, ikiwa imejaa. Sanamu hizo hubebwa katika maandamano ya ibada, na kwao mwili wa mungu usingekuwa ganda. Walikubali gharama ya metali na hatari ya nyufa. Huko Swamimalai familia za wasubu zinaendelea na kazi hiyo hadi leo, kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa miti.

China ilipita kwingine

Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya walishikilia kwamba vyombo vya shaba vya enzi ya Shang lazima vilisubiwa kwa nta, kwa sababu hawakuweza kufikiri njia nyingine ya kupata mapambo madogo kiasi kile. Vipande vya kalibu vilivyofukuliwa Anyang viliwasahihisha. Mafundi wa Shang walikuwa wafinyanzi hodari wenye udongo mzuri, na walijenga ustadi wao juu ya huo udongo.

Walitengeneza kwa udongo mfano kamili wa chombo. Wakaukandamizia udongo mwingine kwa nje, kisha udongo huo wa nje wakaukata na kuubandua kipande kimoja kimoja. Mfano wenyewe wakaukwangua pande zote, na kiasi kilichokwanguliwa ndicho kilichokuja kuwa unene wa shaba. Kilichobaki kikawa kiini. Vipande vya nje vikachomwa, vikapangwa tena kukizunguka kiini, vikatengwa nacho kwa vijipande vidogo vya shaba, na metali ikamiminwa chombo kikiwa kichwa chini.

Hapo ndipo mapambo yanapoanza kueleweka. Ule uso wa mnyama mwenye macho makubwa unaojirudia kwenye vyombo hivyo umegawanywa katikati kwa mstari ulionyooka, nusu ya kulia ikiwa kioo cha nusu ya kushoto. Mstari huo mara nyingi ndiko vipande vya kalibu vilikokutana. Mahali pa maungio metali huvuja kidogo na kuacha ukingo. Badala ya kuuficha, mafundi waliufanya kuwa pambo, ukawa ule utepe wenye meno uliosimama kwenye pembe za chombo. Mimi huona hili kuwa mojawapo ya mambo mazuri kabisa katika historia ya ufundi: dosari ya kalibu ilipewa cheo, ikawa sura ya sanaa ya taifa zima kwa karne nyingi.

Ukubwa nao haukuwashinda. Sufuria ya ibada yenye miguu minne iliyochimbuliwa Anyang mwaka 1939 ina uzito wa kilo 832.84. Hakuna chungu kimoja kinachoweza kumimina kiasi hicho, hivyo vyungu au matanuri mengi yalipaswa kufunguliwa kwa mpangilio mmoja, bila metali ya kwanza kuganda kabla ya ile ya mwisho kufika. Kazi ya namna hiyo ni ya jeshi la watu wenye msimamizi na kanuni. Baadaye, katika kaburi la mtawala Yi wa Zeng aliyezikwa mwaka 433 KK hivi, zilikutwa kengele 65, na karibu zote hutoa sauti mbili tofauti kulingana na mahali zinapogongwa. Tumbo la kengele hizo halikufanywa duara, lilibanwa pande mbili, na unene wake ulisubiwa kwa hesabu ya muziki.

Japani nayo ilipanga kalibu kwa namna yake. Buddha wa Nara, mwenye urefu wa karibu mita 15, hakuwahi kuwekwa mahali pake: alisubiwa hapo hapo alipo, tabaka juu ya tabaka, kwa awamu nane kati ya mwaka 747 na 749, udongo ukiinuliwa kumzunguka kadiri alivyopanda.

Wagiriki na bahari

Wagiriki walikuwa na tatizo ambalo limetajwa juu: ukisubu juu ya nta uliyoichonga, ajali moja hufuta kila kitu. Suluhisho lao lilikuwa kuutenganisha mfano na nta. Mfano wa udongo uliachwa salama. Juu yake walitoa kalibu ya vipande, ndani ya kalibu wakapaka nta, wakaitoa nta ile ikiwa ganda, wakaitia kiini, wakaendelea kama kawaida. Shaba ikiharibika, mfano bado upo. Tena mguu mmoja unaweza kutumika kwa sanamu mbili.

Sanamu zao kubwa zilisubiwa vipande: kichwa peke yake, mikono peke yake, kiwiliwili peke yake, kisha zikaungwa kwa kumiminia metali moto kwenye maungio. Kuna kikombe cha Athens cha mwanzoni mwa karne ya 5 KK, sasa kiko Berlin, kilichochorwa karakana yenyewe: tanuri linawaka, fundi anaunga sanamu, na kichwa cha sanamu hiyo kiko chini sakafuni kikingoja zamu yake. Sijui picha nyingine ya kale inayoheshimu kazi hii kwa uwazi kiasi hicho.

Mwaka 1972 mpiga mbizi alikuta wanaume wawili wa shaba chini ya maji karibu na Riace, kusini mwa Italia. Wana midomo ya shaba nyekundu, na mmoja wao ana meno ya fedha. Walisubiwa katikati ya karne ya 5 KK. Ugiriki ya kale ilikuwa na maelfu ya sanamu kama hizo, nasi tumebaki na chache, na nyingi kati yake zilizama pamoja na merikebu. Zilizobaki nchi kavu ziliyeyushwa. Jiwe likivunjwa hubaki jiwe lililovunjika, lakini shaba iliyovunjwa ni mali: yaweza kuwa sarafu, kengele au mzinga. Ndiyo maana wengi wameijua sanaa ya Ugiriki kupitia nakala za marumaru zilizotengenezwa enzi za Warumi, nakala zenye vigogo vya miti vilivyochomekwa kando ya miguu. Shaba haikuhitaji kigogo. Mguu mwembamba wa shaba husimama wenyewe, wa jiwe huvunjika.

Igbo-Ukwu, Ife, Benin

Mwishoni mwa miaka ya 1930 mwenyeji mmoja wa Igbo-Ukwu, kusini-mashariki mwa Nigeria, alikuwa akichimba kisima cha kuhifadhia maji nyumbani kwake akakutana na shaba. Uchimbaji wa kitaalamu ulianza mwaka 1959 chini ya mwanaakiolojia Thurstan Shaw, na vipimo vya kaboni vikaonyesha karne ya 9. Kati ya vitu hivyo kuna chungu cha shaba kilichofungwa kamba, na kamba hiyo nayo ni ya shaba, kila fundo likionekana, ikizunguka chungu kama wavu. Kazi yake ni ndogo na kali kiasi kwamba baadhi ya watafiti wamependekeza huenda mafundi walitumia utomvu wa mmea mahali pa nta. Vipimo vya madini vinaelekeza kwenye machimbo ya Nigeria yenyewe. Yaani hapa palikuwa na karakana iliyokomaa, yenye namna zake za kuunga kipande kwa kipande, karne nyingi kabla ya Mreno wa kwanza kutia nanga kwenye pwani hiyo.

Ife ni habari nyingine. Mwaka 1938, watu waliokuwa wakichimba msingi wa nyumba katika eneo la Wunmonije walitoa ardhini vichwa vya shaba zaidi ya kumi, vya ukubwa wa karibu kichwa cha mtu, na nyuso zenye utulivu ambao hausahauliki. Ni kazi za karne ya 14 na 15 hivi. Baadhi ya kazi za Ife, ikiwemo barakoa inayohusishwa na Ooni (mfalme wa Ife) Obalufon, ni za shaba nyekundu karibu tupu. Msomaji akumbuke nilichosema juu ya shaba nyekundu, kwamba ni kaidi, hunywa gesi, huganda mapema. Kuisubu kwa kuta nyembamba, uso ukatoka laini bila shimo, ni jambo ambalo fundi wa leo mwenye tanuri la umeme hulifanya kwa wasiwasi.

Miaka 28 kabla ya ugunduzi huo, Mjerumani Leo Frobenius alikuwa ameona kazi za Ife na kuamua kwamba Waafrika wasingeweza kuzitengeneza. Akatangaza kwamba amepata mabaki ya Atlantis, koloni la Wagiriki lililopotea. Inauma kusoma hilo, lakini lisifichwe, kwa sababu fikra yake ndiyo ile ile ya historia kama ngazi: ukiamini kuna ngazi, ukakuta mtu yuko juu usikotarajia, utalazimika kubuni mgeni aliyempandisha.

Benin, ufalme wa kale uliokuwa katika Nigeria ya leo, nayo ilikuwa na chama cha wasubu, Igun Eronmwon, waliofanya kazi kwa amri ya Oba, yaani mfalme, na ambao wazao wao bado wanasubu katika mtaa wa Igun. Vitu vinavyojulikana duniani kama shaba nyeusi za Benin vingi ni vya shaba njano. Metali yao nyingi iliingia kwa umbo la bangili nzito zilizoletwa na wafanyabiashara wa Kizungu, zile zile zilizotumika kununulia watumwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulilinganisha risasi iliyomo ndani ya bangili zilizookolewa kwenye meli zilizozama na ile ya sanamu, ukaonyesha kwamba sehemu kubwa ya metali hiyo ilitoka eneo la mto Rhine, Ujerumani. Hata unene unasimulia biashara hiyo: vichwa vya mwanzo vina kuta nyembamba sana, vya baadaye ni vizito, kwa sababu metali ilikuwa imeongezeka.

Februari 1897 majeshi ya Uingereza yaliuteka mji, yakamfukuza Oba Ovonramwen hadi Calabar, na maelfu ya kazi yakachukuliwa na kuuzwa Ulaya. Felix von Luschan wa Berlin, aliyezinunua nyingi kwa ajili ya makumbusho, aliandika kwamba hata Benvenuto Cellini, msubu mashuhuri wa Italia, asingeweza kuzisubu vizuri zaidi. Ujerumani ilianza kurudisha sehemu ya mkusanyo wake mwaka 2022.

Katika nchi ya Waakan, Ghana, vilisubiwa vitu vidogo vya kupimia dhahabu ya unga. Huko fundi aliweza kuiacha nta kabisa: alichukua panzi au ganda la karanga, akalifunika kwa udongo, akalichoma mpaka likawa majivu, na shaba ikachukua nafasi yake. Mafundi wa Asante pia huunga chungu cha metali na kalibu kuwa kitu kimoja kilichozibwa. Metali ikiyeyuka, hukigeuza tu, na shaba hushuka bila kuguswa na hewa ya nje.

Cellini na waliokuwa karibu na moto

Cellini aliyetajwa na Luschan ameandika mwenyewe jinsi alivyosubu sanamu yake ya shujaa Perseus, iliyozinduliwa Florence mwaka 1554. Anasimulia kwamba alishikwa na homa akaenda kulala, paa la karakana likashika moto, mvua ikaingia, na metali ikaanza kuganda ndani ya tanuri. Akaamka, akaagiza kuni kavu za mwaloni, kisha akatupa ndani sahani na mabakuli yake ya bati, karibu 200. Metali ikatiririka, kalibu ikajaa.

Watu husimulia kisa hiki kama muujiza wa kipaji. Nakiona ni somo zuri la kemia. Bati huishusha nyuzi ya kuyeyuka ya shaba na kuongeza mtiririko, hivyo bakuli za mezani zilikuwa dawa sahihi. Na wakati bwana yuko kitandani, kuna watu waliobaki kwenye mivuo.

Watu hao wametajwa mara chache. Mwaka 1775 huko St. Petersburg, sanamu ya Peter Mkuu juu ya farasi, kazi ya Falconet, ilipokuwa ikimiminwa, kalibu ilipasuka na shaba moto ikaanza kumwagika. Wafanyakazi wakakimbia. Emelyan Khailov, msubu wa mizinga, alibaki na kuuziba mpasuko, akaokoa sehemu kubwa ya sanamu. Huyu walau jina lake limetufikia.

Kumtumia msubu wa mizinga hakukuwa ajabu. Karakana za sanamu, kengele na mizinga zilikuwa jamaa moja, na metali ilizunguka kati yao. Tani zaidi ya 70 za shaba zilizokusanywa kwa ajili ya sanamu ya farasi ya Leonardo da Vinci huko Milano zilipelekwa kwenye mizinga mwaka 1494. Mfano wake wa udongo ukaja kuwa shabaha ya wapiga mishale wa Kifaransa mwaka 1499. Sanamu ya Papa Julius II aliyoisubu Michelangelo huko Bologna mwaka 1508 ilivunjwa mwaka 1511, ikawa mzinga ulioitwa La Giulia. Marcus Aurelius juu ya farasi wake mjini Roma alinusurika Zama za Kati kwa sababu watu walidhani ni Constantino, mfalme Mkristo.

Ni ipi iliyo halisi?

Katika karne ya 19 karakana za Ufaransa zilihamia kwenye mchanga: mfano hukandamizwa kwenye mchanga laini wenye udongo kidogo ndani ya fremu mbili, hutolewa, na nafasi yake hujazwa. Ni njia ya haraka na ya bei nafuu, na mfano hubaki mzima. Hapo sanamu ikaweza kutolewa kwa makumi.

Swali lililofuata halijaisha hadi leo. Rodin alifinyanga udongo, wasaidizi wake wakageuza plasta, na karakana, ya Alexis Rudier ikiwa maarufu zaidi, zikasubu. Alipofariki mwaka 1917 alikuwa ameiachia serikali ya Ufaransa kazi zake na haki ya kuzisubu, kwa hiyo shaba za Rodin zimeendelea kuzaliwa baada yake. Lango lake la Jahanamu, aliloagizwa mwaka 1880, hakuwahi kuliona likiwa shaba. Sheria ya Ufaransa leo hutambua nakala 12 kuwa halisi: 8 zenye namba na 4 za msanii. Kisa cha Degas, msanii Mfaransa mwingine, kinakwenda mbali zaidi. Sanamu yake ya msichana mcheza dansi ilionyeshwa mwaka 1881 ikiwa ya nta, na nguo za kitambaa. Shaba zote za sanamu hiyo, pamoja na za kazi zake nyingine zaidi ya 70, zilisubiwa baada ya kifo chake, nyingi na karakana ya Hébrard. Kwa maoni yangu, hakuna ubaya kuzionyesha, mradi kibao cha makumbusho kiseme wazi kwamba msanii hakuiona shaba hiyo wala kuichagua.

Kuna njia moja ya kumkamata mghushi ambayo hutoka moja kwa moja kwenye tabia ya metali. Anayetoa kalibu juu ya sanamu ya shaba iliyokwisha kusubiwa, badala ya mfano wa asili, atapata nakala iliyonywea mara mbili. Rula inatosha kuonyesha tofauti hiyo.

Karakana ya sasa

Leo mfano hupakwa mpira wa silikoni unaonasa hata alama ya kidole. Nta humiminwa ndani ya mpira huo. Ganda la nta huchovywa mara kadhaa kwenye uji wa silika na kunyunyiziwa mchanga hadi lipate gamba gumu la seramiki, njia iliyokuzwa na viwanda vya vipuri vya ndege. Sanamu kubwa huskaniwa, hukuzwa kwenye kompyuta, huchapishwa vipande vipande, na maungio huchomelewa. Vumbi la silika huharibu mapafu bila kurudi nyuma, na moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka usiku wa siku ile ile. Hatari hizo huwaangukia wafanyakazi wa karakana, nao majina yao hayaandikwi kwenye kitako cha sanamu.

Rangi huja mwisho. Shaba ikitoka kwenye kalibu ni chafu, na ikisafishwa hung'aa. Kijani, kahawia na nyeusi tunazozijua ni matokeo ya chumvi za metali na asidi zinazopakwa kwa brashi juu ya uso uliopashwa moto, na kazi hiyo inaweza kumchukua bingwa wake siku nzima kwa bega moja la sanamu.

Ukiwa mbele ya sanamu ya shaba, acha uso wake kwanza, uangalie chini na nyuma. Viraka vidogo vya mraba ni mahali palipokuwa na shimo au pini ya kiini, pakakatwa na kuzibwa. Mstari mwembamba begani au kwenye kifundo cha mguu ni maungio. Ndani ya sanamu iliyo wazi kwa chini, michirizi ya brashi huonyesha nta iliyopakwa kwa mkono, na udongo mweusi uliokwama ni mabaki ya kiini, ambao maabara zinaweza kuupima zijue ulichomwa lini. Kwenye ukingo wa kitako, kwa kazi za karne mbili zilizopita, tafuta muhuri wa karakana: mara nyingi upo, mdogo, mbali na saini ya msanii.